Shaibu

Neno shaibu, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ya kwanza ni mwenye mvi, halihesabu miaka bali hueleza hali. Kwa hiyo lamstahili samaki azeekaye upesi, wa jamii ya Nothobranchius, akaaye katika madimbwi ya mvua, hata huku Unyamwezi, Tabora, na ambaye mayai yake hustahimili kiangazi ndani ya tope lililokauka. Nduguye wa Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, aliyepatikana mwaka 1968, huishi miezi michache tu, na katika muhula huo rangi hufifia, mgongo hupinda, na ubongo hupungukiwa na nguvu ya kujijenga upya. Ndiyo sababu maulamaa wa sayansi wa Cologne na Jena, Ujerumani, humtafiti. Mzee, neno la heshima, naona halimfai; shaibu lamfaa kabisa.