Aliyepika Chini ya Kibo Mwaka 1889

Butimba kwema, mvua mbili tatu, bumu bado halijaingia lakini tunaishi. Leo naweka pembeni madesa ya saikolojia ya elimu, niongelee historia kidogo, maana ndiyo somo langu la kufundishia.

Swali ni hili. Watu wanaopelekwa kufanya kazi mahali pa mbali, penye baridi kali, pasipo soko wala jirani, wakishamaliza kazi ya siku wanafanya nini? Wanakula nini, wanacheza nini, wanavumilianaje? Na sisi tunayajuaje hayo?

Tuanze mbali, Antaktika. Mwaka 1911 watu 25 chini ya Kapteni Robert Scott walikaa majira ya baridi kwenye nyumba ya mbao pale Cape Evans. Huko jua likizama mwezi wa nne halionekani tena mpaka mwezi wa nane. Yaani miezi minne ya giza, upepo na nyuso zile zile. Wakajipangia ratiba. Jioni kadhaa za wiki kulikuwa na mihadhara: mmoja anafundisha barafu, mwingine utunzaji wa farasi, mpiga picha Herbert Ponting anawaonyesha picha za nchi alizotembea. Hali ya hewa ikiruhusu walicheza mpira juu ya barafu. Santuri zilipigwa. Walikuwa na gazeti lao pia, South Polar Times, ambalo Ernest Shackleton alikuwa mhariri wake wa kwanza kwenye msafara wa awali mwaka 1902. Tarehe 22 Juni 1911, katikati ya giza, walifanya karamu, na Henry Bowers akawatengenezea mti wa Krismasi kwa vijiti na manyoya ya ndege.

Msidhani kila mtu alikuwa sawa humo ndani. Nyumba iligawanywa kwa ukuta wa masanduku ya vyakula, maofisa na wanasayansi 16 upande mmoja, mabaharia na wahudumu 9 upande wa pili. Hata kwenye ncha ya dunia, daraja lilihama na watu.

Lakini angalieni jambo hili. Miongoni mwa wale wa daraja la chini alikuwepo William Lashly, kazi yake kuchochea makaa melini. Alikuwa na shajara. Februari 1912 yeye na baharia Tom Crean walikuwa wanamvuta kwa sleji ofisa wao, Edward Evans, aliyekuwa hoi kwa kiseyeye. Walipoishiwa nguvu, Crean akatembea peke yake kama kilomita 56 kwenda kutafuta msaada, mfukoni ana biskuti chache na chokoleti. Lashly akabaki hemani na mgonjwa. Evans alipona. Miaka kumi baadaye, 1922, mwenzao Apsley Cherry-Garrard alipoandika kitabu cha safari ile, aliingiza humo maandishi ya Lashly. Kwa hiyo mchochea makaa anasikika mpaka leo kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna barafu moja tu, ya Kilimanjaro, na ilishakuwa na kambi zake. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu mlima mwaka 1887 akakwama. Mwaka 1888 hakuufikia kabisa, alikamatwa na watu wa Abushiri wakati wa vita vya pwani akatoka kwa kulipiwa fidia. Mwaka 1889 akarudi na Ludwig Purtscheller wa Austria, na safari hii akawa na akili mpya: kuweka kambi juu mlimani na kuhakikisha chakula kinapanda kutoka Marangu kila baada ya siku chache, ili wakishindwa wasilazimike kushuka mpaka chini. Mbinu hiyo ndiyo iliyowafikisha. Tarehe 3 Oktoba waligusa ukingo wa kreta wakarudi kambini. Tarehe 6 wakasimama kileleni.

Na kambini alikuwepo nani? Mwini Amani, mtu wa Pangani. Huyu ndiye aliyebaki na wale wawili kule juu, kwenye mita kama 4,300, akipika, akichota maji na kutafuta kuni. Fikirieni mtu wa Pangani, mji wa minazi na joto, anaamka asubuhi anakuta maji yameganda. Kwa urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100, kwa hiyo ukibandika maharage utangoja mpaka uchoke. Wenzake wawili wakishaondoka alfajiri kupanda, mazungumzo yake ni na moto tu. Huo ndio upweke wa Cape Evans, isipokuwa hapakuwa na santuri wala mhadhara.

Meyer aliandika kitabu kikatoka mwaka 1890. Jina la Mwini Amani tunalipata kwa kuwa bwana alilitaja. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama kiongozi wa njia, naye alibaki kwenye simulizi za wazee. Hakuna shajara ya mpishi.

Miaka 111 baadaye, mwanzoni mwa mwaka 2000, kambi nyingine ilipigwa juu zaidi, karibu na mita 5,800. Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na timu yake walitoboa barafu mpaka mwambani, wakatoa nguzo sita za barafu zinazosimulia miaka kama 11,700. Makala yao ya 2002 ilionyesha kuwa barafu iliyokuwa na kilomita za mraba 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya 3, na ikatabiri kwamba ingeisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, ila kidogo na inazidi kupungua. Vifaa vile na barafu ile vilibebwa na wapagazi, wale wanaojiita "wagumu". Makala inatueleza vumbi na hali ya hewa ya kale. Jioni za wagumu, nyimbo zao, karata zao na malalamiko yao hazikuwa sehemu ya utafiti.

Kuna wadau watasema, bwana wee, sisi watu wa simulizi, kuandika si jadi yetu. Hapo nakataa. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na bwana wake, Dakta Bumiller, mpaka Urusi na Siberia, na habari za safari yake zikaandikwa kwa Kiswahili. Carl Velten alizichapa mwaka 1901 kwenye Safari za Wasuaheli. Mtumishi, tena mtu wa visiwani, anasimulia Siberia kwa lugha yetu, miaka 15 kabla ya karamu ya akina Scott! Kwa hiyo uwezo ulikuwepo. Tofauti ilikuwa kwamba kuna mtu alitaka kumsikiliza na karatasi ikawepo.

Leo karatasi ipo, na kambi tunazo hapa hapa. Usiku wa giza ukisimama juu ya mawe unaziona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji. Wale wanaishi visiwani kwa kalenda ya mwezi: giza ni kazi, mbalamwezi ni mapumziko, kwa sababu mwezi ukiwaka taa haziwavuti dagaa. Siku hizo za mbalamwezi ndizo za kushona nyavu, kufua, kucheza drafti na bao, kusikiliza mpira redioni. Ni ratiba kamili kama ya Cape Evans, na haipo kwenye kitabu chochote cha kidato cha kwanza.

Sisi tunaokwenda kufundisha, mada ya kwanza kabisa ni vyanzo vya historia. Tunaandika ubaoni "masimulizi ya mdomo", wanafunzi wananakili, kengele inalia. Mimi kwenye mazoezi ya kufundisha nimepanga kuwapa kazi moja: kila mwanafunzi amuulize mtu mzima aliyewahi kuishi kambini, iwe dagaani, mgodini au mlimani, jioni yake ilikuwaje, aandike kurasa mbili na tarehe. Kwa darasa la watoto 60 hizo ni kurasa 120 ambazo jana hazikuwepo.

Mwenye baba au mjomba aliyekaa visiwani aanze naye wikiendi hii, msingoje kozi ya mbinu za utafiti. Tuko pamoja.