Msichana Aliyeshika Kalamu ya Uasi

Unguja ya miaka ya 1850 haikuwa kijiji cha wavuvi, ndugu msomaji. Marekani ilikuwa na balozi wake pale tangu 1837, Uingereza tangu 1841, Ufaransa tangu 1844. Majahazi na meli za Kizungu zilishusha bunduki na kile kitambaa cheupe tunachokiita merikani mpaka leo, zikapakia pembe za ndovu na karafuu. Na karafuu hizo zilichumwa na watumwa. Tukiyasifia majumba ya mawe, hilo nalo tulikumbuke.

Mwaka 1844, katika jumba la Mtoni, alizaliwa Salme binti Said. Baba yake ndiye Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetokea nchi ya Wacherkesi, mbali kule milima ya Kaukazi. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika je? Thubutu! Kuandika haikuwa kazi ya mwanamke. Basi Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, akaufanya ubao, akaanza kunakili herufi za msahafu kwa siri. Hakuna mwalimu, hakuna daftari. Siri ilipofichuka alisemwa sana, lakini mkono ulikwisha kuzoea.

Oktoba 1856 Seyyid Said akafariki baharini akirudi kutoka Oman. Thuwaini akashika Muscat, Majid akashika Unguja. Mdogo wao, Barghash, naye akakitamani kiti cha Majid. Ndipo nyumba moja ikagawanyika: dada na kaka wakawa hawaamkiani tena. Dada yao Chole akawa upande wa Barghash, akamvuta Salme.

Kwa nini Salme, binti wa miaka kumi na mitano tu? Kwa sababu alijua kuandika! Waasi walihitaji karani ndani ya familia, mtu asiyeweza kushukiwa. Kalamu aliyoipata kwa taabu ikawa inaandika barua za siri kwa wakuu waliotakiwa kujiunga na njama, dhidi ya Majid yuleyule aliyemtunza nyumbani kwake utotoni.

Mwaka 1859 mambo yakalipuka. Askari wa Majid wakaizingira nyumba ya Barghash. Dada zake wakaenda kumwona, na walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao, kajifunika nguo za kike! Akakimbilia shamba lililoitwa Marseille. Majid akamwomba msaada balozi wa Uingereza, Rigby, na wanamaji wa Kiingereza wakaingia vitani. Uasi ukazimwa, Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni.

Sasa tazama gharama yake. Ugomvi wa Majid na Thuwaini nao uliishia mezani kwa Mwingereza. Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza kule India, aliamua kwamba Zanzibar na Oman zitengane, na Majid amlipe Thuwaini riale 40,000 kila mwaka. Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zikatangaza kwamba zitaheshimu uhuru wa nchi zote mbili. Maneno matamu hayo! Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Huyu mgeni hakwenda kulima. Alikaa palepale kati ya ndugu, na mwaka 1890 kikapu kilikuwa mkononi mwake: Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Salme naye? Majid alimsamehe. Lakini mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Huko Aden akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, akaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Humo aliujutia uasi ule. Humo pia, na inauma kusoma, aliutetea utumwa.

Hapo ndipo pa kutufikirisha sisi tunaojifunza kuandika. Msichana aliyeuvunja mwiko kwa mfupa wa ngamia anastahili heshima yetu, tena kubwa. Lakini kujua kuandika hakukumzuia kutumiwa na wakubwa, wala hakukumfanya amwone mtu aliyechuma karafuu shambani kwa baba yake. Yule mchumaji hakupata hata mfupa wa kuandikia. Hatujui alimwita nani usiku, wala aliota nini.

Riwaya hiyo haijaandikwa vya kutosha. Kalamu tunazo, kijana mwenzangu. Tuanze.