Fundi, Mwalimu na Mahitaji ya Kazi: Mafunzo ya Stadi na Uongozi wa Kanisa katika Ufipa na Mwambao wa Kasanga, 1885–1970

Utangulizi

Historia ya vituo vya mafunzo vya kimisioni katika Ufipa imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majengo: mwaka wa kuwekwa jiwe la msingi, idadi ya vyumba na jina la mfadhili. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachunguza ni nani aliyefundishwa, alifundishwa na nani, na baada ya mafunzo aliishi kwa kazi gani. Hoja kuu ni kwamba mafunzo yaliyounganisha stadi za kazi na uongozi wa kidini yalidumu pale tu ambapo mambo matatu yalikutana: watu waliobaki karibu na kituo, walimu waliopatikana mahali hapohapo, na kazi ambayo jamii iliendelea kuihitaji. Lilipokosekana mojawapo, kituo kilibaki kuwa jengo, au kumbukumbu ya mtu mmoja.

Kasanga inafaa kuwa mahali pa kuanzia uchunguzi huo. Ni bandari ya kusini mwa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Wajerumani waliijengea ngome na kuiita Bismarckburg. Waingereza wakaitwaa mwezi Juni 1916. Kaskazini, kwenye mwambao huohuo, ipo Karema, kituo cha Wamisionari wa Afrika. Kusini, ng'ambo ya mpaka wa sasa wa Zambia, ipo Niamkolo, kituo cha zamani cha London Missionary Society. Juu uwandani kulikuwa na utaratibu wa mafunzo uliotangulia vituo hivyo vyote viwili.

Mafunzo ya tanuru

Kabla ya kuja kwa misheni, Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma. Mtapo uliyeyushwa katika ilungu, tanuru refu la udongo lililozidi kimo cha mtu na kuvuta hewa lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika kintengwe, tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi akafua majembe, mashoka na mikuki. Fundi mkuu hakuwa mjuzi wa udongo, mkaa na mtapo peke yake. Ndiye aliyeongoza matambiko, aliyetunza dawa za tanuru na aliyesimamia miiko ya wafanyakazi wake. Vijana walijifunza kwa kufuatana naye, wakipokea ujuzi pamoja na namna ya kuwaongoza watu. Kwa hiyo wazo la kuunganisha stadi na uongozi wa kiroho halikuletwa Ufipa na wageni.

Utaratibu huo ulikuwa na walimu wa mahali na wanafunzi wa mahali. Kilichouangusha ni kutoweka kwa mahitaji. Majembe ya viwandani yalipoenea, siku nyingi za kuchoma mkaa na kulisha tanuru hazikuwa na malipo yanayolingana na jasho lake. Greig alipochapisha maelezo yake mwaka 1937, na Wise mwaka 1958, walikuwa wakiandika juu ya kazi inayotoweka.

Niamkolo na Karema

Huko Niamkolo, kanisa la mawe lenye mnara lilikamilika mwaka 1896 chini ya usimamizi wa Adam Purves, mmisionari fundi. Kazi ya ujenzi yenyewe ilikuwa mafunzo: kuchonga mawe, kupasua mbao na kupima kuta. Hata hivyo, mwaka 1908 watu wa mwambao walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na kanisa likaachwa. Kuta zake bado zimesimama, na zimehifadhiwa na Zambia kama urithi wa taifa. Mafunzo yaliyofungamana na jengo yalikoma pale watu walipoondolewa kulizunguka.

Karema inaonyesha hali iliyo kinyume. Kituo kilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa amefungua huko Malta mwaka 1881 chuo cha kuwafundisha vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wawe waganga na makatekista kwa wakati mmoja. Alitaka mhubiri awe na kazi ya kumlisha na ya kumpa heshima mbele ya watu. Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na mto Niger mnamo mwaka 1866 na kuuzwa utumwani angali mtoto, alisoma huko. Aliondoka mwaka 1888 kuelekea Karema, akaoa, na mwanawe Joseph akawa padri. Alitibu na kufundisha dini hadi kifo chake mwaka 1956. Hospitali ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga inalibeba jina lake.

Maisha ya Atiman yanathibitisha kwamba muungano wa stadi na uongozi uliwezekana kijijini bila majengo makubwa. Lakini yanafichua pia udhaifu wa mpango wenyewe. Chuo kilichomtoa kilikuwa Malta, na kilifungwa kabla ya karne ya 19 kwisha. Karema ilimpata mganga. Haikupata chuo cha waganga.

Makatekista na masista

Mafunzo yaliyoota mizizi zaidi yalikuwa ya makatekista. Sababu yake ilikuwa ya kiutaratibu. Lavigerie aliagiza ukatekumeni wa miaka minne kabla ya ubatizo, na mapadri wachache wasingeweza kufundisha kila kijiji kwa muda huo wote. Ilibidi awepo mtu anayekaa kijijini, anayelima shamba lake, na anayejua kusoma, kuongoza sala na kusuluhisha magomvi. Mahitaji yalikuwa ya kudumu, mwanafunzi hakuondolewa kwao, na katekista mzoefu aliweza kumlea anayemfuata.

Upande wa wanawake, Askofu Adolphe Lechaptois alianzisha huko Karema mwaka 1907 shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Katika shirika hilo wanawake wa eneo walipata mafunzo, kazi na mamlaka ya kuendesha mambo yao. Kwa kuwa shirika lilijiongoza na kuwapokea wengine, walimu wake walitoka ndani yake.

Kutengana kwa cheti na huduma

Utengano ulikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waraka wa sera ya elimu wa Uingereza wa mwaka 1925 ulisifu mafunzo ya dini, kilimo na kazi za mikono, lakini ruzuku ya serikali ilifuata mwalimu mwenye cheti na shule iliyokaguliwa. Katekista wa kijijini akabaki nje ya hesabu hiyo. Mwaka huohuo seminari kuu ilifunguliwa Kipalapala, karibu na Tabora. Padri mtarajiwa akasoma mbali na uwanda wake. Uongozi wa kanisa ukaelekea seminarini, na stadi zikaelekea shule zenye ruzuku. Katekista, aliyekuwa ameyashika yote mawili, hakupandishwa upande wowote.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikamilisha mwendo huo kwa kuziweka shule zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali, huku seminari zikibaki mikononi mwa kanisa. Mwaka huohuo Jimbo la Karema, lililoongozwa na Askofu Charles Msakila, likawa Jimbo la Sumbawanga.

Hitimisho

Ushahidi wa Ufipa hauungi mkono dhana kwamba vituo vilidhoofika kwa uhaba wa fedha za ujenzi peke yake. Niamkolo ilikuwa na jengo, ikakosa watu. Karema ilikuwa na mganga hodari, ikakosa mahali pa kumwandaa mrithi wake. Tanuru lilikuwa na walimu na wanafunzi, likakosa mnunuzi. Makatekista walikuwa na yote matatu, wakakosa kutambuliwa.

Matokeo haya yana uzito kwa mipango ya leo, kwa kuwa utengano wa mwaka 1925 bado upo: Sheria ya mwaka 1994 iliyaweka mafunzo ya ufundi stadi chini ya VETA, wakati mafunzo ya viongozi wa kanisa yamebaki chini ya makanisa yenyewe. Kituo kitakachojengwa katika vijiji vya Kasanga kitaandaa watu wa aina mbili mbalimbali, isipokuwa kama fundi seremala na kiongozi wa jumuiya watahesabiwa kuwa mtu mmoja tangu mtaala unapoandikwa. Maswali ya mnunuzi wa kazi yake, na ya nani atafundisha baada ya mwalimu wa kwanza kuondoka, yanapaswa kujibiwa kabla ya ramani ya jengo kuchorwa.