John Ogbu: Msomi aliyeuliza kwa nini mwana wa mhamiaji hutamba darasani

KWA zaidi ya miaka 30, mwanaanthropolojia John Uzo Ogbu alisaka jibu la swali ambalo wasomi wengi wa Marekani walilizunguka bila kuligusa. Mbona mtoto wa mhamiaji aliyewasili juzi, ambaye hata Kiingereza hakijui vyema, mara nyingi humpiku darasani mtoto Mweusi ambaye ukoo wake umeishi nchini humo kwa zaidi ya karne mbili?

Jibu alilotoa liliwaudhi wahafidhina na watetezi wa haki vilevile. Lilimletea sifa, likamletea na shutuma, na hadi leo ni vigumu kuandika kuhusu utambulisho wa rangi na elimu ya wahamiaji bila kumtaja, hata kama ni kwa nia ya kumpinga.

Ogbu mwenyewe alikuwa mhamiaji. Alizaliwa Mei 9, 1939, katika kijiji cha Umudomi, eneo la Onicha, kusini mashariki mwa Nigeria, katika familia ya wakulima wa jamii ya Igbo. Baada ya kusomea ualimu na kufundisha katika shule ya upili, alielekea Marekani mnamo 1961 kujiunga na chuo cha theolojia cha Princeton, akinuia kuwa mchungaji. Wito huo haukudumu. Alihamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akageukia anthropolojia, akapata shahada ya kwanza mnamo 1965 na ya uzamifu mnamo 1971. Alianza kufunza huko Berkeley mnamo 1970 na hakuondoka tena hadi alipofariki.

Utafiti wake wa kwanza mkubwa aliufanya kati ya 1968 na 1970 mjini Stockton, California, katika mtaa wa watu wa kipato cha chini, wengi wao Weusi na wenye asili ya Mexico. Aliuita Burgherside ili kuficha jina lake halisi. Hakusambaza hojaji na kwenda zake. Aliketi na wazazi majumbani mwao, akahudhuria mikutano, akaingia madarasani, kisha akafungua kumbukumbu za shule.

Humo alikuta jambo lililomshangaza. Watoto wengi walikuwa wakipewa alama ya C mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo mwalimu mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mwanafunzi ametia bidii na kuimarika. Mtoto aliyejikakamua na aliyezembea walikwenda nyumbani na ripoti moja. Ogbu alisema kuwa watoto hao hawakuzaliwa wavivu. Walikuwa wamejifunza, tena kwa ushahidi, kwamba jasho lao halina malipo. Matokeo hayo yalichapishwa mnamo 1974 katika kitabu The Next Generation.

Ili kuelewa uzito wa hoja hiyo, ni lazima kukumbuka enzi zenyewe. Mnamo 1969, mwanasaikolojia Arthur Jensen, aliyekuwa akifunza katika chuo hichohicho cha Berkeley, alichapisha makala iliyodokeza kwamba pengo la alama za vipimo vya akili kati ya Weusi na Wazungu huenda kwa kiasi kikubwa linatokana na nasaba. Waliompinga walisema chanzo ni umaskini na malezi duni ya nyumbani. Ogbu aliona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikimkagua mtoto Mweusi kama mgonjwa, huku jamii iliyomzunguka ikiachwa bila kuulizwa lolote.

Badala ya kubishana juu ya Marekani pekee, aliitazama dunia. Katika kitabu chake cha 1978, Minority Education and Caste, aliwalinganisha Wamarekani Weusi na Wamaori wa New Zealand, watu wa tabaka la waliotengwa nchini India, wahamiaji wa visiwa vya Karibiani nchini Uingereza, Wayahudi wenye asili ya nchi za Mashariki huko Israeli, na Waburaku wa Japani.

Mfano wa Waburaku ndio uliokuwa mzito zaidi. Hao ni Wajapani kwa sura, kwa damu na kwa lugha, ila mababu zao walifanya kazi zilizohesabiwa kuwa najisi, kama vile kuchinja wanyama na kutengeneza ngozi. Nchini Japani watoto wao walibaki nyuma shuleni. Hata hivyo, Ogbu alionyesha kwamba waliohamia Marekani, ambako hakuna aliyejali asili ya babu zao, walifanya vyema sawa na Wajapani wengine. Vivyo hivyo kwa Wakorea. Japani, ambako wengi wao walipelekwa wakati wa utawala wa kikoloni wa 1910 hadi 1945, walidharauliwa na watoto wao wakafeli. Marekani, ambako walikwenda kwa hiari, walisifiwa kuwa wanafunzi hodari. Nao watu wa Karibiani walitatizika katika shule za Uingereza huku ndugu zao wakifanikiwa New York. Damu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna walivyofika na namna walivyopokelewa.

Hapo ndipo ilipozaliwa tofauti ambayo jina la Ogbu limefungamana nayo: jamii ndogo za hiari na jamii ndogo za shuruti.

Wa hiari ni wale waliohama kwa kupenda, wakitafuta maisha bora. Kipimo chao ni walikotoka. Msomaji aliye na jamaa ng'ambo anaifahamu hali hii: mwalimu aliyeacha kazi Kenya hukubali kuwatunza wakongwe usiku kucha huko Marekani, akijiambia kuwa hata hivyo mshahara unawafikia walioachwa nyumbani. Akitukanwa, huona ni adha ya ugenini itakayopita. Lugha ya wenyeji kwake ni kikwazo cha kuvukwa, na kuijifunza hakumpunguzii kitu katika yale aliyo.

Wa shuruti ni waliotumbukizwa katika taifa hilo kwa utumwa, kwa vita au kwa kunyang'anywa ardhi. Ogbu aliwataja Wamarekani Weusi, Wahindi Wekundu, wenyeji asilia wa Hawaii na watu wenye asili ya Mexico ambao nchi yao ilitwaliwa mnamo 1848. Hawa hawana "nyumbani" kwingine kwa kujilinganisha. Kipimo chao ni Mzungu wa mtaa wa pili, na kila wakijipima naye wanajikuta chini. Wamewaona baba na babu zao wakisoma na bado wakinyimwa kazi. Kwao lugha na mienendo yao imekuwa ua wa kujikinga, na anayeuvuka huonekana kana kwamba amejiunga na waliomdhulumu. Waswahili wanaosema mwacha mila ni mtumwa wangeielewa hofu hiyo, ingawa kwa hawa neno utumwa si tamathali.

Hoja hii ilipata umaarufu mkubwa, pengine kupita kiasi, mnamo 1986. Mwaka huo Ogbu na mwanaanthropolojia Signithia Fordham walichapisha makala kuhusu shule moja ya upili ya Weusi mjini Washington, ambako Fordham ndiye aliyefanya utafiti wa nyanjani. Walieleza jinsi wanafunzi werevu walivyoficha uwezo wao, baadhi wakijifanya vichekesho darasani, ili wasiambiwe na wenzao kwamba wanajifanya Wazungu. Humu nchini pia, mwanafunzi anayezungumza Kiingereza "kwa mapua" hutaniwa kwa maneno kama hayo, ila utani huo haujabeba mzigo uleule.

Magazeti na wanasiasa walilinyakua wazo hilo na kuliacha tupu. Yote aliyoandika Ogbu kuhusu ubaguzi wa ajira na walimu waliowakatia tamaa watoto yaliwekwa kando, ikabaki kauli moja tu: watoto Weusi hawapendi kusoma. Ogbu alilalamika hadi mwisho wa maisha yake. Makala yake ya kujitetea, iliyofuatilia mzigo huo wa utambulisho tangu enzi za utumwa, ilitoka mnamo 2004 yeye akiwa tayari amefariki.

Si kwamba yeye mwenyewe alikwepa moto. Halmashauri ya shule za Oakland ilipozua mjadala wa kitaifa mnamo Desemba 1996 kwa kuitambua lugha ya Wamarekani Weusi, alikuwa mmoja wa wanachama wa jopo lililohusika. Muda mfupi baadaye aliitikia mwaliko wa wazazi Weusi wa Shaker Heights, kitongoji cha matajiri karibu na Cleveland, Ohio. Wazazi hao walikuwa mawakili, madaktari na wafanyabiashara, na shule zilikuwa za kupigiwa mfano. Walakini wastani wa alama za watoto wao ulikuwa 1.9, ilhali wa watoto wa Kizungu ulikuwa 3.45, katika mfumo ambao alama ya A ni 4.

Kitabu chake kuhusu kitongoji hicho kilitoka mnamo 2003. Alisema walimu hawakutarajia makuu kutoka kwa wanafunzi Weusi, lakini akaongeza kwamba wanafunzi wenyewe walikiri kutojibidiisha, na kwamba wazazi waliiachia shule jukumu lote. Wazazi waliomwalika kama mwenzao walijiona wamesalitiwa. Kwa wengi, Mwafrika mhamiaji alikuwa amewahukumu wasio wahamiaji.

Wasomi nao hawakumwacha. James Ainsworth-Darnell na Douglas Downey, wakitumia takwimu za wanafunzi wa taifa zima, walionyesha mnamo 1998 kwamba wanafunzi Weusi waliithamini elimu sawa na Wazungu au hata zaidi. Karolyn Tyson na wenzake walichunguza shule za North Carolina na kueleza mnamo 2005 kwamba kejeli dhidi ya wanafunzi werevu hutokea zaidi pale ambapo shule yenyewe imewajaza Wazungu katika madarasa ya juu na Weusi katika ya chini. Upande mwingine, mwanauchumi Roland Fryer alipata ushahidi kwamba umaarufu wa mwanafunzi Mweusi miongoni mwa wenzake hupungua alama zake zinapopanda, hasa katika shule za mchanganyiko. Naye Barack Obama, mwana wa Mkenya aliyekwenda Marekani kusoma, aliligusa suala hilo katika hotuba ya Julai 27, 2004, mjini Boston iliyomtambulisha kwa taifa, akikemea dhana kwamba kijana Mweusi mwenye kitabu anajifanya Mzungu.

Ogbu hakuisikia hotuba hiyo. Alifariki Agosti 20, 2003, kwa mshtuko wa moyo baada ya upasuaji wa mgongo, akiwa na umri wa miaka 64.

Pengo kubwa katika nadharia yake liko mahali ambapo wahamiaji wa Afrika wangependa zaidi kupata jibu: watoto wao. Mzazi alikuja kwa hiari, lakini mtoto aliyezaliwa huko hana kumbukumbu ya kijiji cha kujilinganisha nacho. Mwanasosholojia Mary Waters aliwahoji vijana 83 wa New York ambao wazazi wao walitoka Karibiani. Aligundua kwamba wengine walijiita Wamarekani Weusi, wengine walishikilia asili ya wazazi wao, na wengine waliendelea kujiona wahamiaji. Waliojiita Wamarekani ndio walioona ubaguzi zaidi na milango michache zaidi. Lafudhi ya mzazi ilimtofautisha na wenyeji Weusi. Mtoto aliyeipoteza hakuwa na chochote cha kumtambulisha machoni pa mwenye duka au polisi isipokuwa ngozi.

Wakimbizi walimtatiza pia. Katika makala ya 1998 aliyoandika na Herbert Simons, Ogbu alikiri kwamba hawaingii sawasawa katika kundi la hiari, kwa kuwa hawakupanga kuhama.

Awad Ibrahim, msomi mzaliwa wa Sudan, aliwakuta vijana wa aina hiyo katika shule moja ya Kifaransa jimboni Ontario, Kanada. Walitoka Somalia, Djibouti, Kongo na kwingineko. Katika utafiti aliouchapisha mnamo 1999, alieleza kwamba kwao walikotoka hakuna aliyekuwa akiwaita Weusi; walijulikana kwa ukoo, kwa lugha na kwa taifa. Walipotua Kanada walikuta jina hilo likiwangoja. Kiingereza walijifunza kwa muziki wa rap na televisheni, wakaiga mavazi na matamshi ya vijana Weusi wa Marekani, huku walimu wao wakiendelea kuwafunza Kiingereza kingine.