Fangasi ukeni kwa anayeishi na VVU: wakirudi mara kwa mara, sema CTC

Msikilizaji wetu wa Kilosa, Mikumi na vijiji vya jirani, leo tunaeleza ugonjwa ambao akina mama wengi huusema kwa kunong'ona: fangasi ukeni. Kwa anayeishi na VVU, kunyamaza kuna hasara.

Fangasi hutoka wapi?
Fangasi hawa, kandida, huishi ukeni hata kwa mwanamke mwenye afya. Bakteria walinzi na kinga ya mwili huwadhibiti. Ulinzi ukilegea, wanaongezeka na kuleta ugonjwa. Karibu wanawake watatu kati ya wanne huugua angalau mara moja maishani, wenye VVU na wasio nao. Kwa hiyo si ushahidi kwamba mmoja ametoka nje ya ndoa.

VVU vinaingiaje?
VVU hushambulia chembe za kinga ziitwazo CD4. Zikipungua, fangasi hurudi mara kwa mara na huchelewa kupona. Lakini kuugua mara moja hakumaanishi ARV zimeshindwa. Ujauzito, kisukari na antibiotiki pia huchangia.

Dalili
- Muwasho na wekundu
- Maumivu wakati wa kukojoa au tendo la ndoa
- Uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, usio na harufu kali

Uchafu wa kijani, harufu ya shombo, vidonda, homa au maumivu chini ya kitovu huashiria ugonjwa mwingine. Nenda ukapimwe.

Tiba
Wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Hizo haziui fangasi. Huua bakteria walinzi, na fangasi wanapata nafasi zaidi. Dawa zinazotumika ni klotrimazole ya kuweka ukeni au flukonazole ya kumeza. Mjamzito kwa kawaida hupewa ya kuweka ukeni, hivyo aseme mapema kwamba ana mimba. Maliza dozi hata muwasho ukiisha. Baadhi ya dawa za kuweka ukeni hudhoofisha kondomu, hivyo ni vizuri kusubiri hadi upone. Usiingize kitunguu saumu, ndimu, chumvi wala ugoro. Na ARV usiziache hata siku moja.

Lini usisubiri?
Fangasi wakirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, au ukiona utando mweupe mdomoni na kumeza kunauma, wahi CTC. Huenda ukapimwa wingi wa virusi na sukari. Ulizia pia uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, kwani hatari yake kwa mwanamke mwenye VVU ni takribani mara sita ya asiye navyo.

Uwe unachukua dawa Hospitali ya Wilaya Kilosa, Mtakatifu Kizito Mikumi au zahanati ya kijijini, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mhudumu: "Fangasi wamenirudia mara ya tatu mwaka huu." Sentensi hiyo moja inamtosha kujua aanzie wapi.