Misheni ya Kigonsera

Misheni ya Kigonsera ilianzishwa mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya ile ya Peramiho, na watawa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani, yaani watawa wanaofuata kanuni iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6 kwenye kilima cha Monte Cassino, Italia. Mahali hapa, ambapo Ungoni hukutana na milima ya Wamatengo, palichaguliwa kwa busara, kwa kuwa njia ya kwenda Ziwa Nyasa ilipita karibu.

Miaka sita tu baadaye Vita vya Maji Maji, vya wenyeji dhidi ya utawala wa Wajerumani, viliitikisa misheni yote ya kusini: Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa Agosti 1905 karibu na Liwale, Peramiho ikachomwa moto, na Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, adhabu ambayo kumbukumbu ya eneo hili haijaisahau.

Ujenzi wa kudumu wa Wabenediktini kusini ulitegemea tofali la kuchoma, ambalo ni udongo uliokandwa kwa miguu, ukatiwa katika kalibu ya mbao, ukaanikwa kivulini na hatimaye kuchomwa kwa kuni katika tanuri. Nguvu kazi ya ujenzi huo, ambayo vitabu vya misheni huitaja kwa nadra, ilikuwa ya wenyeji.

Kigonsera ilikuwa pia na seminari, yaani shule ya kuwaandaa mapadre, ambamo alisoma Benjamin Mkapa, Rais wa Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005.