Kuhesabu Majalada au Kufuata Migogoro: Upimaji wa Utendaji wa Sekta ya Sheria katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Haki ambayo wizara ya sheria huahidi katika mpango mkakati wake hupatikana mbali na wizara, na mara nyingi mbele ya vyombo isivyoviamuru. Nchini Tanzania, Wizara ya Katiba na Sheria husimamia sera na msaada wa kisheria. Hukumu ni za Mahakama, Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya yaliwekwa na sheria ya 2002 chini ya waziri wa ardhi. Kila chombo basi hupima kilicho mikononi mwake: mikutano iliyofanyika, watu waliofikiwa, majalada yaliyofungwa. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambako ardhi ndiyo chimbuko la ugomvi mwingi, upimaji wa namna hiyo humpoteza mwenye shida.

Mgogoro wa mpaka huko Dongobesh unatosha kuwa mfano. Mjane anakuta safu ya minyaa aliyoipanda marehemu mumewe imeng'olewa, na plau ya jirani imeingia hatua kumi ndani ya shamba lake la vitunguu saumu. Anaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake. Usuluhishi ukigonga mwamba, anakwenda Baraza la Kata, kisha wilayani. Kila anapofika jina lake huandikwa kwenye daftari, na kila anapoondoka shauri lake huhesabiwa kuwa limeshughulikiwa. Mwisho wa mwaka mgogoro mmoja umezaa takwimu tatu za kazi iliyofanyika, ilhali minyaa haijarudi mahali pake na msimu wa kupanda umempita.

Tatizo huongezeka sheria inapobadilika. Hadi 2021 Baraza la Kata liliweza kuamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Marekebisho ya mwaka huo yaliliachia usuluhishi peke yake, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji ana ruhusa ya kwenda wilayani. Mashauri yakiongezeka wilayani baada ya hapo, ongezeko hilo peke yake halithibitishi kwamba wananchi wamezidi kugombana wala kwamba watendaji wamezembea. Anayelinganisha miaka ya kabla na baada bila kutaja badiliko hilo anapima vitu viwili kwa kamba moja.

Mahakama imepiga hatua kwa kuweka ukomo: shauri ni mlundikano likizidi miezi 6 katika Mahakama ya Mwanzo, 12 katika Mahakama ya Wilaya, na 24 katika Mahakama Kuu. Ni kipimo kizuri, maana kinamgusa mdaawa moja kwa moja. Lakini saa yake huanza kuhesabu shauri linapofunguliwa, na husimama hukumu inaposomwa.

Hanang inajua gharama ya kusimamisha saa hapo. Wabarabaig wa Mulbadaw na majirani zao walilishtaki Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililokuwa likilima ngano huko kwa msaada wa Kanada, na Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Kwa hesabu ya majalada, shauri lilikwisha. Kwa wafugaji waliozuiwa kufika malishoni na kwenye makaburi ya wazee wao, halikwisha, na madai ya ardhi ile yaliendelea kwa miaka mingi.

Watumishi nao hupimwa. Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, MWAMTUKA, ulioanza 2004, ulimtaka mtumishi akubaliane na msimamizi wake malengo ya mwaka. Sasa mfumo uitwao PEPMIS unafanya kazi hiyo kwa njia ya kompyuta. Kompyuta haisahihishi lengo lililokosewa. Afisa aliyeahidi mikutano kumi ya elimu ya sheria atajaza kumi, hata kama kikongwe wa Kidatoga aliyeketi mbele yake hakuelewa Kiswahili cha mkutano. Katika eneo lenye Kiiraqw, Kidatoga na Kihadza, kiashiria cha kwanza kingepaswa kuwa kama mkalimani alikuwepo.

Kinachofaa zaidi ni kuufanya mgogoro wenyewe kuwa kizio cha hesabu. Upewe namba moja kijijini, namba hiyo iende nao hadi wilayani, na siku zihesabiwe tangu mlalamikaji alipofika mara ya kwanza. Kisha, mwaka mmoja baada ya uamuzi, msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 arudi shambani kutazama kama uamuzi umetekelezwa. Nauli na siku zake ziwekwe kwenye bajeti, la sivyo hatarudi.

Hata kinga ya migogoro inaweza kufuatiliwa hivyo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hatimiliki za kimila za pamoja. Kuzihesabu hati ni kazi ya siku moja. Thamani yake hujulikana wakati wa kiangazi, mifugo ya majirani inaposhuka bondeni kutafuta maji, na hapo ndipo mkaguzi anapaswa kwenda kuuliza nani amezuiwa, nani amesikilizwa, na nani aliyesimamia mipaka.